Betri Zenye Alama za Meno

Gasper alikuwa na tabia moja ambayo safu nzima ya mafundi wa soko la Mwanga iliijua: mtu akisimama nyuma yake, mikono yake nayo ilisimama. Hata awe katikati ya kulehemu redio, moshi unapanda na risasi imeyeyuka, kivuli kikiangukia mezani alifunika kazi kwa kitambaa, akageuka na kuuliza, "Nikusaidie nini?" kwa sauti ya mtu asiyetaka kusaidia.

Na safari hii alikuwa na cha kufunika. Kwa miezi mitatu alikuwa akiunda tochi ya kuwaka kwa betri moja tu, tena betri ambayo tochi nyingine zimeshaikataa. Alipasua vitako vya balbu zilizoungua, zile za kubana matumizi ya umeme, akatoa ndani yake pete nyeusi ndogo kama ya kidole, akaizungushia nyaya mbili nyembamba kwa pamoja. Akaongeza transista moja ya redio mbovu, resista moja, na kitaa cheupe cha LED. Basi, hakuna kingine. Siku ilipowaka hakumwambia mtu. Alichukua wembe, akakwangua namba zote kwenye transista, kisha akamimina nta ya mshumaa juu ya kila kitu mpaka likawa donge kubwa kama yai, kitaa kikichungulia juu na nyaya mbili zikitokea chini. Anayetaka kuiba, aibe mshumaa.

Mwizi aliyemhofia alikuwa na jina: Feliksi, fundi wa meza ya pili, mtu wa Ujiji, mpole kupita kiasi. Kwa maoni ya Gasper, fundi mpole ni fundi anayehesabu. Wiki iliyopita Feliksi alikuja kuazima koleo, akauliza kama mzaha, "Kaka, hiyo pete yako umeizungusha mara ngapi?" Gasper alimpa koleo bila kujibu, lakini usingizi ulimruka. Pete ilikuwa ndani ya nta. Amejuaje kwamba kuna pete?

Jumanne alikuja Mama Skolastika, mwanamke anayeanika dagaa Katonga, na tochi isiyowaka. Gasper alizipima betri zake mbili.

"Mama, hizi zimekufa. Tupa humo," akasema, akimwonyesha boksi chini ya meza. Mama akazitupa, akaenda zake.

Alhamisi mchana alipita tena, akamkuta Gasper ameinama, kichwa kizima kiko ndani ya katoni ya sabuni, kwa kuwa jua lilikuwa kali naye alitaka kuona donge lake linavyoangaza gizani.

"Mwakeye, fundi," Mama Skolastika alisalimia kwa Kiha. "Humo ndani kuna nani?"

Gasper alijigonga akitoka. Kabla hajafunika, mama alikuwa ameshachungulia. Aliona mwanga mweupe, na chini ya mwanga betri moja kubwa.

"Hiyo ni betri yangu."

"Betri zote zinafanana, mama."

"Zinafanana kwa asiyeziuma." Aliichukua, akaigeuza ubavu, akacheka bila furaha. Kila mtu huuma betri ikianza kufifia, ila si kila mtu ana mwanya. Kwenye ganda kulikuwa na mabonyeo mawili ya meno, na katikati yake nafasi ambayo haikuguswa. "Jumanne uliniambia imekufa. Nikaizika mwenyewe kwenye boksi lako. Leo maiti inawasha taa."

Alisema hayo kwa sauti ya kutangazia dagaa ufukweni. Watu wakajaa. Mmoja akakumbuka kwamba na yeye aliambiwa betri zake zimekufa. Mwingine akakumbuka kwamba binamu yake aliambiwa. Ndani ya dakika chache Gasper alikuwa ameua betri za nusu ya Kigoma.

Mzee Leonardi, msimamizi wa safu, akaitwa. Yeye ndiye aliyempa Gasper nafasi ile, na ndiye mwenye neno la kumwondoa.

"Fundi anayewaambia watu uongo ili abaki na mali zao hakai kwenye safu yangu," alisema. "Nithibitishie, au ubebe meza yako mpaka Mwandiga."

"Mzee, ziwekeni betri za mama kwenye tochi yake. Hazitawaka. Sikusema uongo."

Wakaziweka. Hazikuwaka. Lakini mama alikuwa tayari na jibu. "Zitawakaje, na umeshinda unazinyonya tangu Jumanne?"

Mzee Leonardi akaagiza betri ya redio yake mwenyewe, iliyonyamaza tangu juzi. Feliksi akaipima kwa mita. "Imekufa, mzee," akasema kwa upole wake. Gasper akaifunga kwenye nyaya za donge. Kitaa kikawaka.

Gasper akatanua kifua kwa kiburi. Hakikudumu.

"Na ndani ya hilo donge?" Mama Skolastika aliuliza. "Betri ngapi zinaenea humo?"

Swali lile halikuwa la mwanika dagaa. Nani amemfundisha? Akamtazama Feliksi, na Feliksi hakuwa akimtazama mtu yeyote. Alikuwa akiitazama nta.

"Vunja," Mzee Leonardi alisema.

"Nitavunja. Feliksi aondoke kwanza."

"Kwani humo ndani umemficha mke wake?" fundi cherehani mmoja akauliza, na kicheko kikazunguka safu yote.

"Hapa haondoki mtu," mzee akasema. "Anayeshtakiwa ni wewe."

Gasper alishika bisibisi. Akilini alikuwa na mambo mawili tu: meza yake na siri yake. Siri bila meza ni ya kwenda nayo shamba. Akapiga, nta ikapasuka. Ndani hamkuwa na betri. Kulikuwa na pete, transista iliyokwanguliwa na resista moja. Midomo ya Feliksi ikacheza taratibu, ikihesabu mizunguko ya waya.

Lakini kitaa kilikuwa kimezima. Nta ilikuwa imeng'oa nyaya za pete. Gasper akashika chuma cha kulehemu, akaunganisha. Giza. Akafungua, akaunganisha tena. Giza.

"Betri aliyoificha imedondoka na nta," mtu akasema. "Tafuteni chini ya meza."

Mzee Leonardi alikuwa ameanza kukunja miwani yake. Feliksi akasogea, akasema chini chini, "Umekutanisha mwanzo na mwanzo. Mwisho wa waya huu unatakiwa ukutane na mwanzo wa ule."

Gasper alimtazama kama mtu anayezama aliyerushiwa kamba na adui yake. Kisha akageuza nyaya. Mwanga ukaruka usoni kwa mzee mpaka akafumba macho.

"Sasa nieleze," mzee akasema, akipangusa machozi ya mwanga. "Kilichokufa kinafanyaje kazi?"

"Mtumbwi ukikwama mchangani, mzee, mtu mmoja mchovu akiuegemea tu hautoki. Lakini akijivuta akasukuma kwa kishindo, akajivuta tena akasukuma, unaingia majini. Betri ni huyo mchovu. Pete hii inamfundisha kusukuma kwa vishindo, maelfu kwa sekunde moja."

Mama Skolastika alifikiri. "Kwa hiyo haikufa. Imechoka."

"Imechoka."

"Basi siku nyingine sema imechoka. Na mimi huwa nachoka, hakuna anayenitupa kwenye boksi." Akazitia betri zake zote mbili kwenye mkoba. "Nitengenezee na mimi moja kama hiyo. Na usinimwagie nta. Nataka kuona kilichomo."

Mzee Leonardi aliivaa miwani yake, akaipapasa meza ya Gasper mara moja, akaondoka. Meza ilibaki.

Watu walipotawanyika Gasper alikwenda meza ya pili. "Ulijuaje?"

"Yangu ilikataa kuwaka siku tisa kwa kosa hilo hilo."

"Kuna yako?"

"Kaka, ulimaliza balbu zilizoungua soko zima. Unadhani ni nani mwingine aliyekuwa akizitafuta akizikosa? Ndiyo nikajua una pete." Feliksi alitabasamu kwa upole. "Ila yangu inafifia."

Gasper akasogea karibu. Juu ya meza, kati ya koleo na mita, aliona kitu kidogo cheusi chenye waya mwekundu, uliosukwa vizuri kuliko wa kwake. Akainama.

"Wewe umeizungusha mara ngapi?"

Feliksi alimtazama, akavua kofia yake taratibu, akaifunika nayo pete.