Mbao Sita za Mlango wa Mbele

Shuka ya kumi na moja ilikuwa na damu iliyogoma kutoka. Mama Shuka aliitandaza juu ya jiwe, akaisugua kwa kipande cha sabuni kilichobaki, nacho kikamvunjikia mkononi kama biskuti. Sabuni ya mche ilikuwa imepanda bei mara mbili kabla mwezi haujaisha, na mkuu wa zahanati alikuwa ameamua kwamba mche mmoja unatosha shuka ishirini. Shuka zenyewe hazikuambiwa uamuzi huo.

"Jaribu majivu," muuguzi alimshauri akipita na ndoo.

"Majivu ya kuni za nani, dada? Kuni nazo zimepanda."

Muuguzi alicheka kwa kuguna, akaenda zake. Mama Shuka akaendelea kukamua. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya dawa hata alama za vidole zilikuwa karibu kufutika. Alikuwa akiifanya kazi hiyo tangu mumewe alipofariki, miaka minne sasa, na jina la Mama Shuka lilikuwa limemganda kiasi kwamba lake la kwanza hakuna aliyeliita tena.

Mlinzi wa geti alikuja akitembea upesi, kofia mkononi.

"Mama Shuka, hongera! Mlango wenu umefika."

"Mlango gani?"

"Wa kanisa. Umepita hapa sasa hivi juu ya gari. Wa chuma, bluu, una vioo viwili kama macho. Unawaka huo! Mwizi akiuona anaokoka palepale."

Alicheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, alivaa kofia.

"Nimesema vibaya, mama?"

"Hujasema vibaya, baba. Una hakika ni wa chuma?"

"Nimeusikia ukigongana na bodi la gari. Mbao haina kelele ile."

Mama Shuka aliitazama shuka mikononi mwake, kisha akaiweka majini polepole. Mlango wa mbele wa kanisa aliujua. Aliulalia miaka sita.

Mumewe alikuwa seremala, na watu walimwita Seremala hivyohivyo, kana kwamba mtaa mzima hauna mwingine. Siku ya kuweka msingi, watu walipokuwa wakiahidi saruji na mchanga, alisimama akasema, "Mlango wa mbele ni wangu." Akakaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Kesho yake alikwenda kununua mbao sita nene, nyekundu, za mti mgumu, mbichi bado kwa sababu mbichi ndizo alizozimudu. Akazipaka rangi kwenye vichwa zisije zikapasuka, akazipanga chini ya kitanda cha chumba chao, kila moja imetenganishwa na mwenzake kwa vijiti ili zipumue.

"Mbao ya mlango haikimbizwi," alimwambia mkewe. "Ukiikimbiza, mlango utakuja kupinda mbele za watu."

Kila miezi mitatu waliinua kitanda, wakazigeuza mbao, wakarudisha kitanda. Mwaka wa pili kifua kikamzidi. Baada ya mazishi, Mama Shuka na binti yake waliendelea kuzigeuza, wawili tu, wakihema na kucheka, maana kitanda kile alikitengeneza marehemu na kilikuwa kizito kama deni. Binti alirithi randa ya baba yake. Alipata kibarua kwenye karakana ya samani, kazi ya kupiga msasa, lakini jioni alichonga vitu vyake uani, na wanaojua kazi walikuwa wakisimama kutazama.

Basi mwaka huu ujenzi ulifika kwenye paa, na majina ya walioahidi yakaanza kusomwa. Mchungaji alihubiri vizuri; Mama Shuka hakuwahi kusema vinginevyo. Alihubiri kuhusu ile hema ya jangwani, kwamba kila aliyeguswa moyoni alileta alichokuwa nacho, dhahabu kwa mwenye dhahabu, manyoya ya mbuzi kwa mwenye manyoya, na wanawake wenye ujuzi wakasokota nyuzi kwa mikono yao. Ila mahubiri yakiisha, Katibu wa ujenzi alisimama na daftari lake. Mahubiri yalisema moyo, daftari likasema tarehe.

"Marehemu Seremala, kupitia kwa mjane wake. Mlango. Bado."

Jumapili tatu mfululizo: bado. Watu hawakugeuka kumtazama, na kule kutogeuka kwao kulimchoma zaidi.

Ndipo Katibu alipomtembelea nyumbani na mkokoteni, kuzichukua mbao. Binti alitoka uani, mikono imejaa vumbi la mbao.

"Shikamoo, mzee. Naomba mniachie niuchonge mwenyewe. Baba alishanionyesha michoro. Wiki tatu tu utakuwa tayari."

Katibu alitabasamu. "Binti, huu ni mlango wa nyumba ya Mungu, si kigoda cha jikoni."

"Vigoda nilishavipita, mzee. Njoo uone kabati nililo—"

"Nyamaza, mwanangu," Mama Shuka alisema. "Wakubwa wanaongea."

Binti alinyamaza. Akasaidia hata kubeba. Katibu akaandika kwenye daftari: Mbao, sita.

"Andika ni za mlango," Mama Shuka alimwomba.

"Tunajua, mama. Tunajua."

Hayo yalikuwa mwezi mmoja uliopita.

Sasa alimaliza shuka zake zote, maana shuka za wagonjwa hazimngoji mtu apoe hasira. Saa sita akaenda kupanga foleni ya mshahara. Mhasibu alimhesabia nusu.

"Nyingine?"

"Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Mungu anapenda, mwanangu. Hebu muulize na mkuu wako."

Mhasibu alikuna kichwa, akaita anayefuata.

Kanisani palikuwa na pilikapilika. Kesho yake wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuzindua jengo. Mlango wa bluu ulikuwa umeegemezwa ukutani, ungali umefungwa karatasi ya nailoni. Mama Shuka aliupita. Macho yake yalikuwa yakitafuta wekundu.

Aliuona kwanza chini. Mbao mbili zilikuwa zimelazwa kwenye ngazi za kuingilia, mikokoteni ya zege ilikuwa imepita juu yake hata zikashikana na sakafu, na saruji ilikuwa imekauka pande zote. Akainua uso. Tatu zilikuwa juu, zimefungwa kwenye miti ya jukwaa, zimerushiwa lipu kama uso wa mtu aliyemwagiwa uji. Ya sita aliiona vipandevipande, imechongwa kabari.

Fundi mwashi alishuka akijifuta mikono. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi mbao ulipewa na nani?"

"Stoo. Kwenye orodha zilikuwa mbao tu. Nikaambiwa za jukwaa hizo." Akaigonga moja kwa nyundo, ikatoa sauti nzito. "Nikwambie kweli, nilijiuliza. Misumari inapinda. Nikawaambia vijana, mbao gani hizi zinakataa msumari? Tukatoboa kwanza kwa keekee ndipo ikaingia."

"Ni za mlango," Mama Shuka alisema.

"Za mlango upi?"

Alionyesha kwa kidevu uwazi mkubwa mbele yao. Fundi mwashi alizitazama mbao, akautazama uwazi, akavua kofia yake.

"Mama yangu," alisema. "Laiti mtu angenong'ona tu."

Katibu alikuwa ndani akipanga viti vya wageni. Alipomwona aliharakisha, uso umejaa jasho na furaha. "Mama Shuka! Umeuona? Shemeji yake mwenyekiti wa kamati ametuuzia kwa bei ya kirafiki. Usingewezekana wa mbao, mama. Fundi angetaka wiki nne, na wageni ni kesho."

"Binti alisema wiki tatu. Zimepita nne."

Katibu alikohoa. "Mambo ya kamati ni mengi."

"Katibu, nikuulize kitu. Mimi niliishia darasa la saba, unisamehe. Musa alipojenga ile hema, mafundi walimwendea wakamwambia watu wameleta vitu kupita kiasi, akapiga marufuku wasilete tena. Walijuaje vimezidi?"

"Leo umekuwa mchungaji, mama?"

"Walijua kwa sababu walikuwa wanaangalia kilicholetwa. Hii ya dhahabu inakwenda hapa, hii ya ngozi inakwenda pale. Nyie mliangalia?"

"Sadaka imepokewa, mama. Mungu anajua moyo wako."

Hapo ndipo neno lilipomgeuka. Moyo wake? Siku ile ya mkokoteni moyo wake ulikuwa unaogopa Jumapili ya nne. Alizitoa zile mbao zimtoke, jina lisisomwe tena. Alitoa kwa huzuni na kwa kushurutishwa, mambo mawili ambayo mtume aliyakataza waziwazi, naye alikuwa akiujua mstari huo tangu utotoni. Na kipawa chenyewe alikuwa amekizuia nyumbani. Kilikuwa kimesimama uani na vumbi mikononi, kinajitolea chenyewe, yeye akakiambia nyamaza.

"Naomba nizichukue zilizobaki," alisema.

"Sadaka ikishawekwa hairudi mkononi, mama. Ila," Katibu alifungua daftari, "mabaki ya ujenzi yanauzwa. Bei ya kuni. Zile za juu tatu naweza kukuandikia. Zile za chini tukizing'oa ngazi zitabomoka."

Mama Shuka alifungua pindo la kanga yake. Nusu mshahara ilikuwa bado na joto la mwili. Akahesabu, akampa; ikabaki ya unga na mche mmoja wa sabuni. Katibu alimwandikia stakabadhi, mwandiko mzuri: Mbao chakavu, tatu.

Aliisoma mara mbili. Zilipoingia ziliitwa mbao. Zilipotoka ziliitwa chakavu. Hakuna karatasi hata moja iliyowahi kuziita mlango.

Fundi mwashi alizifungua mwenyewe, akang'oa misumari aliyoiona, akamtafutia mwenye baiskeli azisukume hadi nyumbani. Nauli alimkataza Mama Shuka kulipa, akalipa yeye.

Binti alikuwa uani. Aliziona zikiingia, akaacha alichokuwa anafanya. Hakuuliza zimetoka wapi. Alipitisha kiganja juu ya lipu iliyokauka, kisha kichwani mwa mbao, penye rangi aliyopaka baba yake.

"Nyingine?"

"Mbili zimezikwa kwenye ngazi. Moja ni kabari."

"Mlango wa chuma nimeusikia."

"Ndiyo."

Binti alileta patasi, akabandua lipu kidogokidogo. Ilimchukua muda mrefu. Mama yake alikaa kando kwenye kigoda, anashika upande wa pili mbao isicheze. Kisha Binti akaichukua randa, akainama, akasukuma mara moja. Utepe mwembamba ukajikunja na kuanguka, mwekundu vilevile, na harufu ya chumba chao cha miaka ile ikajaa ua mzima. Mama Shuka alifumba macho.

Msukumo wa pili ulilia. Sauti ya chuma kwa chuma.

Binti aliinua randa, akaigeuza. Msumari ulikuwa umekatikia ndani ya mbao, hauonekani kwa juu. Kisu cha randa kilikuwa kimemeguka pembeni, pengo la ukubwa wa punje ya mchele.

"Ni kile cha baba yako," mama alisema.

"Ndicho."

"Kinanoleka?"

"Kwa pengo hili, jiwe litakila hadi nusu."

Jirani mmoja alikuwa anamwita mbuzi wake kwa matusi.

"Nilikunyamazisha siku ile," Mama Shuka alisema. "Mbele ya mtu ambaye hata hajui mbao ni nini."

Binti alikitoa kisu, akakiinua kwenye mwanga. "Ulisema wakubwa wanaongea, mama. Nilisubiri uongee."

Asubuhi Mama Shuka alikwenda kanisani peke yake. Alipita kwenye mlango wa bluu pamoja na wengine wote, mguu wake ukakanyaga ngazi ambayo chini yake alijua kuna nini. Wageni walikaa mbele. Kwaya iliimba. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa watu waliotoa kwa moyo mkunjufu, na Katibu akasimama na daftari kuwasoma waliotimiza.

"Marehemu Seremala, kupitia kwa mjane wake. Mlango. Amemaliza!"

Watu walipiga makofi. Safari hii waligeuka kumtazama, wakitabasamu.

Mama Shuka akasimama. Sauti ilitoka kamili, kama ya mtu anayejibu mahudhurio.

"Bado," alisema.

Makofi yalipungua.

"Mlango wa Seremala bado. Mlichopewa ni mbao, na mmekanyaga juu yake mkiingia."

Mgeni mmoja alimwinamia mwenyekiti kuuliza, mwenyekiti akatikisa kichwa na kutabasamu.

"Kaa, mama yetu," Katibu alisema kwa upole, akigeuza ukurasa. "Usijali. Hudaiwi tena."

Watu wakacheka, kicheko cha kumpenda, na jina lililofuata likasomwa.

Akakaa. Ilimjia kwamba lile neno "bado" alikuwa nalo mdomoni mwezi mmoja uliopita, pale uani, na wakati ule lilikuwa bado na kazi. Aliweka mkono kwenye nafasi tupu ya benchi pembeni yake, alipozoea kukaa Binti. Binti alikuwa amebaki nyumbani, ananoa.