Herufi Zenye Pembe

Likizo ya Juni nilivumbua herufi ishirini na sita za mapambo, nikasema si zangu.

Nilikuwa Bariadi kwa shangazi Rhoda, mwenye duka la kutoa nakala na kuchapa mabango. Herufi zake zote zilikuwa zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, na mteja wa kadi ya kipaimara alipewa mwandiko uleule wa mteja wa tangazo la msiba. Niliona taifa linahitaji msaada. Nikachora A yenye pembe, J yenye mkia uliojikunja, R inayorusha teke. Nikazipiga picha kwa simu, nikaziingiza kwenye kompyuta, nikaziita Pembe.

Shangazi alipouliza zimetoka wapi, nilijibu kwa utulivu kwamba zimebuniwa na Profesa Januarius wa Dar es Salaam. Ningesema ni zangu angezifuta. Profesa hafutwi.

Pembe ilifanya kazi. Shule ya chekechea ikaitaka, saluni ikaitaka, kwaya moja ikachapa fulana. Nilikataza kwa maandishi, kwa jina la profesa, isitumike kwenye misiba, na shangazi akasema huyo profesa ana busara.

Kisha akaja Nuruddin, aliyekuwa anafungua bucha karibu na stendi. Alitaka bango ambalo mtu akilipita atageuza shingo. Nikamchapia BUCHA YA NURUDDIN, nyekundu kwenye nyeupe, upana mita tatu.

Siku ya kufungua, saa mbili asubuhi, niliitwa nikanyooshe kona moja ya bango iliyolegea. Nilimkuta mzee mrefu mwenye fimbo amesimama katikati ya barabara, anahesabu kwa kidole.

"Mwangaluka, guku," nikamsalimia babu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka." Hakunitazama. "Moja. Mbili. Tatu."

Alikuwa anahesabu U. Kwenye Pembe, U ina ncha mbili zilizopinda nje na mstari mfupi chini yake.

"Wewe muuza nyama," akaita. "Mimi ni Salu wa Sapiwi. Nimepoteza ng'ombe watatu wiki iliyopita. Leo nakuta chapa yangu mlangoni kwako mara tatu. Unanitangazia?"

Nuruddin alitoka na kisu mkononi, akakumbuka, akakirudisha ndani. "Mzee wangu, hiyo ni herufi tu. Nyama yangu ina kibali, ina muhuri wa daktari wa mifugo. Karatasi hii hapa."

"Karatasi inaandikwa," akasema Mzee Salu. "Chapa inachomwa."

Watu walianza kusimama. Bodaboda wawili walizima pikipiki ili wasikie vizuri.

"Nyama ya wizi ina mafuta sana," mmoja akasema. "Ndiyo maana inalipiwa bango."

Mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alirudisha kilo yake mezani.

"Nikipiga yowe hapa," Mzee Salu akasema taratibu, "sungusungu wa Sapiwi watafika kabla hujafunga mlango. Nataka kujua nani kakuchorea."

Nuruddin alinigeukia. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. "Binti, mwambie. Huyo profesa wako aliitoa wapi?"

Nilifikiria kumwua Januarius kwa ajali ya ghafla. Lakini marehemu asingemsaidia Nuruddin, aliyekuwa na nusu ng'ombe imening'inia nyuma yake na hana mnunuzi.

"Profesa hayupo," nikasema. "Hajawahi kuwapo. Nimechora mimi."

Nikatoa daftari kwenye mfuko. Pasaka nilikwenda Sapiwi kwa mama mdogo, nikakaa siku mbili juu ya ukuta wa josho, nikinakili chapa za ng'ombe walipokuwa wanapita mmoja mmoja kwenye maji ya dawa. Tarehe zilikuwapo. Nilikuwa nimeiba chapa ya kila mtu kwa usawa.

Mzee Salu alilishika daftari mbali na macho. Akafungua ukurasa wa kwanza. Kisha akaanza kutaja majina kama anayepita mlango kwa mlango. "Huyu Marcelo. Huyu mjane wa Constantine. Hii ya Boniventura umeilaza." Alipofika kwenye U alisimama. "Aprili. Walikuwa wote bado zizini."

"Ndiyo, guku."

"Basi muuza nyama si mwizi," akatangaza kwa sauti ya kuwafikia bodaboda. "Mwizi ni huyu." Fimbo ikanielekea.

Yule mama akaichukua tena kilo yake.

Nilidhani yameisha. Lakini mzee alibaki na daftari. "Jina langu linaandikwaje humu?"

Nikamwandikia SALU. Akaitazama S, uso ukabadilika.

"Hii chapa ya Magese."

"Ndiyo."

"Nina kesi ya mpaka na Magese mwaka wa nne. Jina langu lianze na Magese?"

Bodaboda walicheka hadi mmoja akaegemea tangi. Mzee hakucheka. Aliagiza bango la ng'ombe wake waliopotea, herufi hizi hizi, U ikiwa kubwa kuliko zote, litundikwe joshoni ambako kila mwenye mifugo hupita. "Na S uchore ya kwako, ng'wanawane," akasema, akiniita mwanawe. "Isiyo ya mtu."

Nuruddin alishusha lake mchana huohuo, akaandika BUCHA kwa brashi, herufi wima, baridi. Shangazi Rhoda alininyima kompyuta isipokuwa kwa kazi hiyo moja, na akaomba radhi kwa wateja kwa niaba ya profesa.

Herufi nyingine zote za Pembe nilikuwa nimezimaliza kwa siku mbili. S ilinichukua tano. Kila niliyochora ilikuwa ya mtu fulani.

Ng'ombe wawili walionekana upande wa Lagangabilili. Aliyewatambua alisema hakusoma maneno, alitazama ile U tu. Wa tatu bado, na bango bado liko joshoni.