Imeketi Tangu 2005

Kompyuta ya kanisa ilikataa kuwaka siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa kila mshiriki aliyepita ofisini alikuwa ameshaitibu kwa mdomo. Mama mmoja wa Dorkasi, kile chama cha akina mama, alisema ni virusi, na kwamba virusi hivyo vilitoka kwa mtoto wa Beverlyne aliyeipigia chafya. Shemasi Nyamweya alisema ni stima, kwa sababu Jumatatu hiyo stima ilipotea na kurudi mara nne kama mtu aliyesahau kofia. Mwalimu Ratemo, karani wa kanisa, ambaye alifundisha darasa la sita miaka thelathini na moja, aliipiga kofi mbavuni. Ndivyo alivyozoea kuamsha redio yake, na zamani wanafunzi wake. Kompyuta haikuamka. Ilitoa mlio mrefu mara tatu, kioo kikabaki cheusi.

Mong'ina peke yake ndiye ambaye hakusema kitu. Kazi yake ilikuwa kufagia kanisa na ofisi, na mtu anayefagia haulizwi habari za mashine. Lakini kwa miezi minane, kila saa ya chakula cha mchana Mwalimu alipokwenda kwake, alikuwa akiketi mbele ya ile kompyuta kwa ruhusa yake na kunakili nyimbo kutoka kitabu cha nyimbo. Alianza na kidole kimoja. Sasa alikuwa na sita. Shule aliiacha darasa la nane, akaingia kuchuma majani chai ya watu, na hakuna mahali pengine katika Mosocho yote ambapo mtu angemwachia kompyuta bure. Hiyo ikienda, vidole vyake sita vingerudi kwenye majani chai pamoja na vile vinne vingine.

Na ilikuwa inaenda. Mzee Anyona, mzee wa kanisa, alikuwa ameshatoa hukumu Jumatano.

"Kitu kisichofanya kazi ndani ya kanisa ni jeneza," alisema. "Iuzwe."

Mnunuzi alifika Ijumaa saa tisa, akitoka msikitini Kisii mjini, kanzu yake bado imenyooka. Aliitwa Abdirahman, na duka lake lilijaa televisheni na redio ambazo wenyewe walikata tamaa nazo. Aligeuza pikapu nje, akaingia, akapewa kiti na kikombe cha maziwa moto.

"Mzee," alisema akichungulia kikombe, "toka huko mjini mpaka hapa nimepita majani chai pande zote mbili za barabara. Hakuna hata jani moja lililoingia humu?"

"Sisi Wasabato chai tunalima tu. Kunywa tumewaachia nyinyi."

"Mnatupenda kweli."

Mong'ina aliweka ufagio ukutani. 

"Mzee, naomba niifungue kabla haijaenda."

"Uifungue nini?"

"Kompyuta. Nilimwona Eric akiifungua. Mara tatu nilimwona."

Eric alikuwa fundi wa kanisa kabla hajaenda kutafuta maisha Nairobi. Mwalimu Ratemo akacheka kwa pua. "Hata mimi nimemwona daktari akipasua mtu kwenye televisheni. Unataka nikupasue?"

"Mwache," alisema Abdirahman. "Mimi nainunua kwa kilo. Ikiharibika, uzito hauondoki."

Maneno hayo yalimchoma Mzee Anyona. Akamtazama mgeni, akaitazama kompyuta, kisha akatazama jua dirishani, kwa maana Ijumaa Mzee Anyona hutazama jua kama mtu mwingine anavyotazama saa.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia Mong'ina. "Matangazo ya kesho bado hayajaandikwa. Kama mashine hii itayaandika na kuyachapa kabla Sabato haijaingia, itabaki. Kama sivyo, Bwana Abdi anaibeba."

Mong'ina akapiga magoti. Akachomoa waya wa stima, akafungua skrubu mbili kwa ncha ya kisu cha jikoni, akavuta ubavu wa lile kasha. Vumbi lililokuwa ndani lingetosha kupanda sukumawiki. Akalipuliza polepole akiwa amefumba macho. Eric alikuwa na msemo wake: ikilia mara tatu haijafa, imesahau tu. Na kumbukumbu yake ilikuwa kile kibao chembamba kilichosimama wima, chenye meno ya rangi ya dhahabu upande wa chini. Akakichomoa. Akaenda kwenye kopo la penseli za watoto wa Shule ya Sabato, akachagua raba, akaanza kuyasugua yale meno.

"Anafuta dhambi," alisema Abdirahman.

"Anafuta kumbukumbu yote ya kanisa," alisema Mwalimu Ratemo, naye hakuwa anatania. "Majina ya washiriki yako humo. Mia nne na kumi na mbili."

"Mwalimu, nafuta uchafu tu."

Akakirudisha, akakikandamiza mpaka kikalia *ta*. Akachomeka waya, akabonyeza. Kompyuta ikalia mara moja, fupi, kama mtu anayesafisha koo. Kioo kikawa na mwanga, maandishi meupe yakatokea juu ya weusi.

Shemasi Nyamweya, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa shughuli isiyojulikana, akasema, "Ameitibu Mungu."

"Kwa raba," alisema Abdirahman, na akaweka kikombe chini. Maziwa hayakuwa yanapita vizuri tena.

Mwalimu Ratemo akarudi kwenye kiti chake cha ukarani kana kwamba hakuwahi kukiacha. Maandishi yale meupe yalisema tarehe na saa vimepotea, na kwamba mtu abonyeze F1 aendelee. Akabonyeza bila kuyamaliza. Ikaja ile picha ya bluu, na jina KANISA. Akaandika neno la siri akilificha kwa kiganja, ingawa kila mtu alijua ni Zaburi23. Ikaja sentensi ya Kiingereza. Mwalimu akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Inasema huruhusiwi kuingia wakati huu. Ujaribu wakati mwingine."

"Wakati gani mwingine?" aliuliza Mzee Anyona. "Leo ni Ijumaa, saa kumi kasorobo. Watu wote wako kazini."

Wakajaribu tena. Huruhusiwi. Mwalimu akajaribu kwa herufi kubwa. Shemasi Nyamweya akashauri waizime waombe kwanza, wakaizima, wakaomba, wakaiwasha. Huruhusiwi.

Abdirahman akasimama, akakung'uta kanzu. "Mzee, mashine yenyewe imesema. Tusaidiane kuibeba."

"Mwalimu," alisema Mong'ina, "iwashe mara moja tena. Lakini usibonyeze F1. Mimi husoma polepole."

Wakaiwasha. Akasimama nyuma ya bega la Mwalimu akayapitia yale maandishi meupe neno kwa neno, kidole hewani, kama alivyonakili nyimbo. Chini kabisa, kwenye kona, akaona *Sat 01/01/2005*.

"Hii *sat* ni nini?"

Swali la Kiingereza lilimfufua Mwalimu Ratemo. Akageuka na kiti chote. "Sit, sat, sat. *Sit* ni keti. *Sat* ni aliketi, wakati uliopita. Mashine inatuambia imeketi tangu mwaka elfu mbili na tano."

"Lakini tulipewa mwaka elfu mbili na kumi na mbili," alisema Mzee Anyona.

"Ilikuwa imeketi kwingine."

Mong'ina hakubisha. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja habishiwi mbele ya wageni. Macho yake yalikwenda ukutani, kwenye kalenda aliyoipangusa vumbi kila asubuhi, yenye siku zake saba kwa Kiingereza. Ile safu ya mwisho ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu na Mzee mwenyewe, mwezi baada ya mwezi. Juu ya safu hiyo kulikuwa na herufi tatu: S, A, T.

Akakumbuka jambo. Miaka minne nyuma Mzee Anyona aliwakuta vijana wa kwaya humu ofisini mchana wa Sabato, wakitazama mpira kwenye kompyuta ya kanisa. Hakuwachapa. Alimwita Eric akamwambia, ifundishe mashine hii kushika Sabato. Eric akabonyeza-bonyeza, Mong'ina akiwa amesimama na ufagio, akasema sasa ikifika saa kumi na mbili Ijumaa haimfungulii mtu mpaka Jumamosi jua lizame.

"Mzee," alisema Mong'ina, "kompyuta iko Sabato."

Mwalimu Ratemo akageuka tena na kiti chote.

"Imepoteza siku. Inafikiri leo ni Jumamosi. Ukiizima inarudi hapo hapo, Jumamosi ileile. Inatii ulivyoiamuru."

Mzee Anyona alikaribia kioo. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Mong'ina aliona kwa hofu kwamba haukuwa uso wa mtu aliyekasirika. Ulikuwa uso wa mzazi.

"Tangu Jumatatu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Wiki nzima inashika Sabato?"

"Ndiyo, Mzee. Sasa naomba niibadilishie siku."

"Ngoja. Kitu kikiwa ndani ya Sabato, mimi ndiye nikitoe?"

"Ni mashine, Mzee," alisema Mwalimu Ratemo.

"Ng'ombe pia si mshiriki, lakini amri ya Sabato imemtaja."

Shemasi Nyamweya akatikisa kichwa kukubali, na Mong'ina akaona jua limeshashuka hadi kwenye migomba ya jirani. Aliyemwokoa hakuwa wa kanisa hilo.

"Mzee," alisema Abdirahman, "hiyo ni Sabato ya mwaka gani?"

"Elfu mbili na tano."

"Hamkuisali?"

Mzee Anyona akafikiri. "Tuliisali. Nilihubiri mimi."

"Basi ilishakwisha. Mwacheni dada aitoe, na mimi nirudi na pikapu yangu tupu." Akaketi tena. "Ni kibetri kidogo tu humo ndani kimekufa, kama cha saa ya mkono. Kabla hakijabadilishwa msiizime, itawarudia Jumamosi."

"Ulijua?" aliuliza Mwalimu.

"La betri nilijua. Lakini mwenye mali hakuniuliza."

Mzee akapisha. Mong'ina akaiwasha upya akibonyeza kitufe cha Delete mfululizo kama Eric, akaingia kwenye mipangilio, akaweka tarehe ya leo na saa ya simu ya Abdirahman. Safari hii kompyuta ikawafungulia bila neno. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi. Saa kumi na mbili kamili ingejifunga, na safari hii kwa haki.

Mwalimu Ratemo alisogea mwenyewe kitini. "Keti wewe. Mimi huandika kwa vidole viwili."

Mzee akamtolea karatasi ya matangazo kutoka mfuko wa koti. Mong'ina akaandika. Dorkasi wakutane Jumapili. Familia ya Nyakundi inawashukuru waliowatembelea hospitali. Mbuzi wa watu wasifungwe kwenye nguzo ya kanisa, hata wa shemasi. Abdirahman alisimama nyuma yake akisahihisha tahajia, Mzee akiwa dirishani akitangaza jua lilipofika. Namba nane ilipokwisha, vidole vyake vikasimama.

"Mzee, hii ya tisa niiandike?"

"Inasemaje?"

"Kompyuta ya kanisa imeuzwa. Fedha zitanunua viti vya plastiki. Tumshukuru Mungu."

Mzee Anyona alikohoa. "Andika ya kumi."

"Itakuwa nane halafu kumi," alisema Mwalimu. "Washiriki watauliza tisa imekwenda wapi."

Mzee akaitazama kompyuta, kisha msichana aliyeketi mbele yake, kana kwamba wote wawili waliletwa leo.

"Basi andika hivi. Tisa. Kompyuta ya kanisa ni nzima. Mwenye barua ya kuandikwa amwone Mong'ina, Jumatatu hadi Alhamisi."

Akaandika mpaka *amwone Mo*, kisha *n*, kisha *g*, akakwama. Ile alama ndogo ya juu hakuijua iliko. Katika mazoezi alikuwa akiiruka, kwa sababu hakuna aliyesoma.

"Dakika nne," alisema Shemasi Nyamweya.

"Weka tu Mongina," alisema Mwalimu. "Wataelewa."

"Mongina si mimi, Mwalimu."

Akainama juu ya vitufe, akavipitia safu kwa safu kutoka kushoto, bila haraka, mpaka akaiona imejificha kando ya Enter. Akaibonyeza, akamalizia *ina*, akaandika ya kumi, na printa ikaanza kukohoa.