Hatua Kumi na Moja za Arvel

Kila Jumatano darasani, saa nane na robo mchana, Lovena aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani na kumwekea kaka yake kipande cha mkate wa mahindi. Arvel aliingia akiburuta mguu wa kushoto, amevaa sare ya gereza lililokuwa maili arobaini nyuma ya mlima, akaketi. Mwalimu Gilliam alimwandika kama mgeni kwenye daftari la mahudhurio. Saa kumi kasoro dakika tano Arvel aliaga, maana saa kumi kamili wafungwa huhesabiwa, na hakutaka kumharibia mtu kazi. Hakuna aliyeuliza alivyozivuka maili zile kwa dakika tano.

"Arvel, umesoma sura ya nne?" Dreama, mwanafunzi mwenzake Lovena, alimtania kutoka nyuma. "Maana wewe ndiye mwenye nafasi."

"Nimebakiza miaka tisa, dada. Hata ya tano nitaifikia."

Huko Kentucky mashariki migodi ya makaa ilikuwa imefungwa, na gereza pekee ndilo lililoajiri. Lilitaka walinzi wenye cheti cha chuo cha jamii, na Lovena, mwenye miaka arobaini na moja na watoto wawili, alikitaka kwa udi na uvumba.

Mwezi wa tatu Gilliam aligawa ripoti ya zamani ya polisi, majina yamepakwa wino mweusi, iwe mfano wa kazi safi. Arvel aliisoma akitafuna, kisha akaweka kidole chini ya mstari mmoja: Mtuhumiwa alitoka dukani akakimbia kuelekea mashariki.

Lovena aliitambua tarehe: siku aliyokamatwa Arvel. Alilitambua na duka. Mguu ule ulipondwa mgodini miaka sita kabla ya siku hiyo. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu hawezi kukimbia."

Gilliam aliutazama mguu wa Arvel. "Naona," alisema kwa upole. "Lakini ripoti ina saa, ina mahali, ina upande alikoelekea. Hapa tunajifunza kuandika tu, mama."

"Acha, mdogo wangu," Arvel alinong'ona. "Utakosa cheti."

Kwenye mtihani waliambiwa waandike jambo waliloliona kwa macho. Lovena aliandika: Saa nane na robo kaka yangu aliingia. Kutoka mlangoni hadi kitini, hatua kumi na moja, sekunde ishirini na nane. Hakukimbia.

Alipata alama tisini na nane. Mbili zilikatwa kwa neno "kaka". Lilipaswa kuwa "mfungwa". Gilliam aliifungia karatasi kabatini, na muhula uliofuata akagawa ripoti ile ile ya zamani, kwa kuwa nakala zilikuwa bado nyingi.

Gereza lilimwajiri Lovena. Kwenye fomu alikiri ana kaka ndani, na hakuna aliyejali. Wangekataa wenye ndugu ndani, wasingepata mlinzi hata mmoja. Siku ya kwanza, saa kumi kamili, alifika mlangoni kwa Arvel na karatasi ya hesabu. Kanuni inataka mfungwa asimame mara moja. Arvel alianza kuinuka, ameshika ukuta. Msimamizi akakohoa.

Lovena alishusha kalamu.

"Usikimbie, kaka," alisema. "Nakusubiri."