Kompyuta Iliyoacha Kuganda

Fundi redio alikuwa amestaafu, lakini mdomo wake haukustaafu. Muuza vipuri alipomwambia kwamba kompyuta yake ya mezani imezeeka, alimtolea macho.

"Imezeeka kwa nani? Nilikuwa nafufua redio wewe hujazaliwa bado!"

Muuza vipuri hakutaka ubishi. Alimpa ram mbili zilizotumika, vile vijiti vya kumbukumbu ya kompyuta, zilizotoka kwenye mashine tofauti, moja ina kasi na nyingine goigoi. "Hizi si ndugu, mzee. Zikikubali kukaa pamoja, zote zitakwenda mwendo wa hiyo goigoi. Zikikataa, nirudishie."

Mke wa fundi alikwishafariki. Aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa binti yake wa pekee, aliyeishi mbali na kumpigia simu ya video kila Jumapili saa kumi. Na kompyuta ilikuwa inaganda. Katikati ya neno uso wa binti unasimama mdomo wazi, wanakata, wanapiga tena, unanisikia, nakusikia lakini sikuoni. Jumapili iliyopita binti alichoka. "Baba, itengeneze hiyo mashine, la sivyo tuwe tunaandikiana ujumbe tu." Maneno yale yalimkaa rohoni wiki nzima. Ujumbe hauna uso.

Jumamosi asubuhi alililaza boksi la kompyuta juu ya meza ya kulia, yenye viti vinne na mlaji mmoja. Akapuliza vumbi, akachomeka ram zote mbili, akawasha. Pi, pi, pi, kioo cheusi. Hapo mazoea ya kazi yakamponza: redio ikigoma, yeye huizaba kofi la ubavuni. Akaizaba. Pi, pi, pi.

"Haya, nimekosa," akaiambia, maana mle ndani hapakuwa na mwingine wa kuombwa radhi.

Akazichomoa, akasugua meno ya ram hizo kwa kifutio cha penseli, akabadilisha nafasi, akabadilisha tena. Chakula cha mchana kilimpita. Mara ya sita aliitanguliza ile goigoi, akabonyeza mpaka vishikizo vikalia ta. Kioo kikawaka. Akapiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Jumapili saa kumi, binti alitokea safi kabisa.

"Baba! Mpaka mvi zako nazihesabu!"

"Usizihesabu, utakesha."

Wakacheka. Akamweleza habari za goti lake, binti akamweleza habari za kazini. Hakuna kilichokwama. Dakika ya tisa habari zikawa zimekwisha.

"Leo tumemaliza mapema," binti akasema kwa furaha. "Haya baba, nikapige pasi. Jumapili ijayo, eh?"

Fundi akatazama saa ya ukutani. Siku zote walikuwa wanachukua saa nzima, na kumbe sehemu kubwa ya saa hiyo ilikuwa ni kusubiriana. Amejitengenezea hasara kwa mikono yake mwenyewe.

Basi akaganda. Alibaki mkono juu, mdomo wazi, macho hayapepesi.

"Baba? Jamani, tena?" Binti akaguna, lakini hakukata. Akaiegemeza simu, akavuta meza ya pasi. "Ikirudi utanikuta." Akaanza kunyoosha nguo huku akizungumza ovyo, kuhusu jirani anayeimba bafuni, kuhusu kiatu kilichomchubua. Mambo ambayo hakuna mtu anayempigia mwenzake simu kuyasema. Fundi aliyanywa yote bila kutikisika, mkono ukimuuma.

Chozi ndilo lililomsaliti. Lilishuka taratibu mpaka kidevuni.

Binti akaacha kuzungumza. Akasogeza uso karibu na simu.

"Baba. Picha iliyoganda hailii."

Fundi akashusha mkono. "Nisamehe, mama. Nilitaka ukae kidogo."

Binti akachomoa pasi ukutani, akavuta kiti.

"Nimekaa," akasema. "Haya, niambie."

Na fundi yule, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, leo akawa na swali: "Huyo jirani anaimba nini bafuni?"