Mpingo Uliolala

Bakary alipoangukiwa na mpingo uliokuwa ukikatwa, watu waliubeba mwili wake na mti wakauacha palepale. Ulikuwa mti halali, umepimwa na kupakwa rangi ya kukatwa na kamati ya kijiji, na ulikuwa na mnunuzi wake. Lakini mnunuzi aliposikia yaliyotokea alisema hautaki tena, na hakuna mtu wa kijiji kile, huko upande wa Kiegei, aliyejisumbua kumbembeleza. Masika yakaunyeshea, jua likauwakia. Mpingo si mti wa kuoza upesi. Ukalala tu msituni.

Mjane wa Bakary, Sikudhani, alikaa eda akaimaliza. Alipotoka alirudi kwenye mikorosho yake, akarudi na kwenye kamati ya maliasili ya kijiji, ambako yeye ndiye aliyeshika nyundo: gogo lolote lililokatwa kihalali lilipaswa kugongwa alama na yeye kabla halijatoka msituni. Msibani hakulia. Watu wakasema atalia baadaye, mshtuko ukishamtoka. Hata baadaye hakulia. Alipika, akala, akalala, akaitikia salamu, na yote aliyafanya kama mtu aliyeshika zamu ya mwenzake. Mama mkwe wake, Bibi Mwanakheri, aliyeishi naye nyumba moja, aliyaona hayo na yakamkaa rohoni.

Kiangazi kilichofuata akaja mchongaji kutoka Nachingwea mjini, jina lake Fidelis. Alikuwa amepewa kazi ya kuchonga vinara vya altare ya kanisa lao, na paroko alimwambia wazi asimletee mti wa wizi.

"Mjini mipingo ipo," aliwaambia wanakamati. "Inaingia chini ya magunia ya mkaa. Mimi nataka yenye kibali, hata nikiingoja."

Abubakary, mwenyekiti, akakuna kidevu. Mipingo minene ilikuwa imebaki michache, na mtoto anayezaliwa leo angezeeka kabla mche wa leo haujafikia unene wa kukatwa.

"Kuna mmoja umelala," mjumbe mmoja akasema, akitazama chini.

"Umelala wapi?" akauliza Fidelis. "Kama umeshakatwa, kwa nini tuangushe mwingine?"

Abubakary alikuwa rafiki wa Bakary tangu walipokuwa jandoni. Alimgeukia Sikudhani.

"Shemeji, hili ni lako. Ukikataa, hatuugusi wala hatukuulizi tena."

Sikudhani alijipekua ndani aone kama kuna kinachokataa. Hakukuta kitu.

"Uchukuliwe," akasema. "Mwingine uachwe usimame."

Jioni alimweleza mama mkwe wake wakiwa jikoni.

"Mti uliomuua mwanangu unakwenda kuchongwa mapambo?" Bibi Mwanakheri akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Machozi hukuyatoa, sasa mti ndio unautoa. Hivi humu ndani ulikuwa na mume, au mimi ndiye niliyekuwa naota?"

Sikudhani alisimama na mwiko mkononi, akingoja hasira impande. Ingekuwa nafuu. Haikuja.

"Ugali umeiva, mama," akasema.

Bibi hakula.

Walikwenda msituni wiki ile ile, Sikudhani, Fidelis na wapasuaji mbao wawili. Tangu msiba Sikudhani hakuwa amefika pale. Njiani alijiandaa: nitakapouona, miguu itaniishia nguvu. Wakafika, akauona, na miguu ikaendelea kumbeba. Lilikuwa gogo. Maganda yalikuwa yamebanduka, mchwa wamekula ule mti mweupe wa juu, nyasi zimeota ubavuni. Alitafuta kwa macho mahali hasa alipokuwa amelala Bakary, asiweze kupatambua.

Wapasuaji waliukata kwa msumeno wa mikono miwili. Mpingo hauna haraka. Mara mbili walisimama kunoa meno. Kipande kilipodondoka, Fidelis alikimwagia maji ya kunywa, na ndani kukatokea weusi uliotulia, wenye kwa mbali rangi ya zambarau.

Sikudhani akashika nyundo. Pigo la kwanza liliteleza, likaacha mkwaruzo. La pili likaingia, na mtetemo wake ukampanda mpaka begani. Akavigonga vipande vilivyobaki pia.

Wapasuaji walikuwa wameshamnong'oneza Fidelis habari za mti ule. Akamjia, kofia ameivua.

"Dada, sikujua. Ningejua nisingefungua mdomo."

"Ulisema kweli. Hakukuwa na haja ya kuangusha mwingine."

"Basi nikuchongee kitu chako. Cha kumkumbukia."

Sikudhani akafikiri. "Hapana, kaka. Sina pa kukiweka."

Aliporudi nyumbani, Bibi Mwanakheri alikuwa ameketi mkekani barazani, anaambua mbaazi kwenye ungo. Sikudhani akapita, akatua nyundo ndani, akatoka tena.

"Ulikuwaje?" Bibi akauliza bila kuinua uso.

"Nini, mama?"

"Huo mti. Ndani yake."

"Mzima. Mweusi mpaka katikati. Mchwa wamekula juu tu."

"Haukuwa na pango katikati?"

"Haukuwa nalo."

Bibi Mwanakheri akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesikia habari za mgonjwa. Kisha mikono ikamsimama na akalia, si kwa sauti ya msibani, bali taratibu, mbaazi zikimponyoka vidoleni.

Sikudhani aliketi karibu naye. Aliuvuta ungo mapajani na kuanza kuambua yeye. Bega la mkono uliogonga nyundo lilikuwa likimuuma. Alingoja kilio cha mwenzake kimfikie.

"Hujasikia kitu moyoni bado, mwanangu?" Bibi akamuuliza, akijifuta kwa upindo wa khanga.

"Bado, mama."

"Haya," Bibi akasema, akamsogelea. "Nipe na mimi nafasi kwenye ungo hapo."

Wakaendelea kuambua mbaazi wote wawili.