Sifongo ya Tangi

Mama mkwe alikuwa amesafisha wodi za hospitali miaka thelathini. Kazi aliistaafu, pua yake haikustaafu. Siku ya kwanza kuhamia kwa binti yake, harufu ya tope ilimpokea sebuleni kabla ya watu.

Ilitoka kwenye tangi la kioo. Humo mkwewe, fundi wa friji, alifuga samaki wawili wa kijito cha nyuma ya nyumba, dume na jike, wembamba kama vidole. Kijitoni walikuwa wamebaki wa kuhesabika, na jike alikuwa na mayai. Maji yakipata joto wanakufa, kwa hiyo fundi aliwatumbukizia chupa za barafu asubuhi na mchana.

Yote hayo mama aliyavumilia, mpaka alipofungua kopo la siagi ndani ya friji.

"Mwanangu, hivi ni vitu gani vinajinyonganyonga?"

"Minyoo, mama," fundi alijibu. "Chakula cha samaki."

"Na mkate nilishaukata!"

Kesho yake, fundi akiwa kazini, mama aliichomoa sifongo ya pampu iliyochuja maji ya tangi. Ilivuja ute wa kahawia, mzito kama kamasi. Mama alikaza midomo, akaifua kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, ikatoka nyeupe pe, akairudisha.

Siku ya tatu samaki walielea juu wakitweta.

Fundi aliitazama ile sifongo nyeupe. Mama mkwe hafokewi.

"Mama, ule ute ndio uliokuwa unakula uchafu wao. Sasa wanaogelea kwenye mkojo wao."

"Ee! Na huo ute unauzwa wapi?"

"Hauuzwi. Uko kwenye mawe ya kijito."

"Basi wewe badilisha maji. Niliyeharibu ni mimi."

Akakunja gauni, akaingia kijitoni. Kila jiwe aliloliokota liliteleza, ute ukampenya katikati ya vidole, ukaingia hadi chini ya kucha. Alitema mate, akaokota. Akatema tena, akaokota jingine, mpaka ndoo ikajaa.

Fundi aliyapanga mawe tangini, kisha akamletea mama sabuni.

"Iondoe hapa!" alimaka mama. "Mimi nitanawia nje, mbali na hao watu wako."

Alinawa hadi viwikoni, harufu ikakataa kutoka. Asubuhi alipita sebuleni ameziba pua, akainama kwenye kioo. Mmoja. Wa pili alikuwa chini ya jiwe, ametulia, akipepea mapezi.

"Wachafu nyie," akawaambia, akaenda kwenye friji kuwachukulia minyoo.